Njia ya Miguu Nayo ni Barabara

Civita di Bagnoregio ni kijiji kidogo cha katikati ya Italia, kilichokaa juu ya kilima cha mwamba laini unaomeguka kidogo kidogo kila msimu wa mvua. Tetemeko la mwaka 1695 liliwahamisha wakazi wengi, na waliobaki wakaendelea kupungua hadi leo hawafiki 20. Gari haliingii. Mgeni hupita kwenye daraja refu la waenda kwa miguu lililojengwa mwaka 1965, na tangu mwaka 2013 hulipa kiingilio kama mtu anayeingia makumbusho. Kiingilio kilianzia euro 1.50, kikapanda hadi euro 5. Kabla ya janga la korona wageni walikuwa wamefikia mamia ya maelfu kwa mwaka, na mapato yao yakaiwezesha halmashauri kuwaondolea wananchi kodi za mji.

Wapangaji wa utalii huupenda mfano huu, na si ajabu. Kijiji kilichokuwa kikiitwa mji unaokufa sasa ndicho kinacholisha mji mzima wa jirani. Lakini mgeni wa Civita hufika kwa basi asubuhi, hupiga picha, hula aiskrimu, na alasiri amekwisha ondoka. Usiku kijiji hubaki na paka na wale wakazi wachache. Kiingilio kimeokoa kuta. Maisha ya ndani ya kuta ni hadithi nyingine.

Upande wa magharibi, mwendo mfupi wa gari kutoka hapo, kuna Ziwa Bolsena. Huko hakuna lango wala tiketi. Kuna njia ya miguu inayopita kandokando ya ziwa, katikati ya mizeituni, makaburi ya kale na miji ya enzi za kati, na mtu yeyote mwenye viatu vizuri anaweza kuifuata bila kulipa senti. Kati ya mifano hii miwili, huu wa pili ndio unaostahili kusomwa na kila halmashauri yenye ziwa, mawe ya kale na vijana wanaohama. Unaonyesha kwamba urithi peke yake hauleti mtu kulala kijijini. Kinachomleta ni njia iliyopimwa, ikawekwa alama na kutunzwa na serikali kama inavyotunza barabara.

Kwanza, ziwa lenyewe. Bolsena ni ziwa kubwa kuliko yote ya Ulaya yaliyotokana na volkano. Ardhi iliyokuwa juu ya milima ya moto ya Vulsini ilididimia, shimo likajaa maji. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 114 na kina kinafika mita 151. Mtu wa Mwanza au Kisumu anaweza kucheka, maana Ziwa Victoria lingelimeza mara 600 hivi. Hata hivyo ufukwe huo mfupi umebeba tabaka nyingi za historia. Chini ya maji, upande wa mashariki, kuna mabaki ya kijiji cha mwanzo wa Enzi ya Chuma kiitwacho Gran Carro, kilichogunduliwa mwaka 1959. Mwaka 2024 wapiga mbizi wa mambo ya kale walitoa huko kinyago kidogo cha udongo cha umbo la mwanamke, ambacho hakikukamilishwa. Alama za vidole vya aliyekifinyanga bado zinaonekana juu yake, miaka kama 3,000 baadaye.

Baada ya watu hao walikuja Waetruska, kisha Warumi, ambao mwaka 264 kabla ya Kristo waliuteka mji mkuu wa Waetruska wa eneo hilo na kuwahamishia walionusurika karibu na ziwa. Mji huo mpya waliouita Volsinii ndio Bolsena ya leo, na magofu yake, yaliyofukuliwa na wataalamu wa Kifaransa kuanzia mwaka 1946, yako juu kidogo ya nyumba za sasa. Zikafuata karne za kati na ngome zake. Kisiwa cha Martana kilichoko ziwani ndiko alikofungwa na kuuawa Amalasuntha, malkia wa Waostrogothi, mwaka 535.

Njia inayounganisha haya yote inaitwa Via Francigena, na umaarufu wake umetokana na orodha fupi sana. Mwaka 990 Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury huko Uingereza, alikwenda Roma kupokea vazi la cheo chake kutoka kwa Papa. Wakati wa kurudi, mtu wa msafara wake aliandika majina ya vituo walivyopita, vyote 79, bila maelezo yoyote ya chakula, hali ya hewa wala wezi. Kituo cha saba kutoka Roma kinaitwa Mtakatifu Flaviano, yaani Montefiascone ya leo. Cha nane ni Mtakatifu Kristina, ndiyo Bolsena. Cha tisa ni Acquapendente. Hati hiyo iko hadi leo katika Maktaba ya Uingereza, London.

Anayetembea vituo hivyo siku hizi kwa kawaida huvielekea kinyume na Sigeric, kutoka kaskazini kwenda Roma. Kipande cha ziwa humchukua siku tatu: Acquapendente hadi Bolsena kiasi cha kilomita 22, Bolsena hadi Montefiascone kama 17, na Montefiascone hadi Viterbo kama 18. Si mwendo wa wanariadha. Ni mwendo ambao mstaafu mwenye afya anaumudu, mradi aanze mapema kabla jua halijawa kali.

Siku ya kwanza humfikisha San Lorenzo Nuovo, ukingoni mwa ile kasoko kubwa, mahali ambapo ziwa lote huonekana kwa mara ya kwanza. Huu si mji wa enzi za kati, na sababu yake inamhusu moja kwa moja msomaji wa pwani ya Ziwa Nyasa au bonde la Rusizi. San Lorenzo ya zamani ilikuwa chini, karibu na maji, nayo iliangamizwa na malaria. Katika karne ya 18 utawala wa mapapa uliamua kuuhamishia mji wote juu ya ukingo, ukachorwa upya na uwanja wenye pembe nane katikati. Italia ilitambuliwa kuwa haina malaria mwaka 1970 tu. Ndiyo maana vijiji vingi vya zamani vya eneo hilo vimeng'ang'ania vilele. Maadui walikuwa sababu moja. Mbu alikuwa nyingine.

Kutoka hapo njia inashuka taratibu kupita bustani za mboga na mizeituni hadi Bolsena, ngome ya mawe ya rangi ya kijivu ikiwa juu na nyumba zikiteremka kuelekea maji. Kwa Wakatoliki wa Bukoba, Bujumbura au Goma, mji huu si mgeni kama wanavyoweza kudhani. Kwa mujibu wa mapokeo, mwaka 1263 padre mmoja kutoka Bohemia, aliyekuwa akisumbuliwa na mashaka, aliadhimisha misa katika kanisa la Mtakatifu Kristina na kuona damu ikidondoka kutoka kwenye hostia. Papa Urban IV alikuwa Orvieto, mji wa jirani. Mwaka uliofuata, 1264, alitangaza Sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa zima. Maandamano ya Ekaristi yanayopita mitaani kila mwaka katika parokia za Afrika Mashariki yana mzizi katika tangazo hilo.

Bolsena kwenyewe, siku hiyo, wananchi hutandika maua barabarani. Kazi huanza alfajiri. Petali huchambuliwa kwa rangi, zikamwagwa juu ya michoro ya chaki hadi barabara ya mawe ikageuka zulia lenye picha za kikombe, njiwa na mwanakondoo, karibu kilomita 3 kwa jumla. Jioni maandamano hupita juu yake na zulia likavurugika. Hakuna anayelizungushia kamba. Limetengenezwa likanyagwe.

Siku ya pili njia huingia katika msitu wa mialoni, hupita karibu na makaburi ya Waetruska yaliyochongwa ndani ya mwamba, kisha hupanda hadi Montefiascone, mji ulioko juu kuliko yote kuzunguka ziwa. Kwenye ngome ya mapapa kuna mnara uliotengwa kwa ajili ya mahujaji, unaowajulisha kwamba zimebaki kilomita 100 kufika kwenye kaburi la Mtakatifu Petro. Mji huu una divai yake maarufu na hekaya ndefu juu ya askofu wa Kijerumani aliyekunywa kupita kiasi. Hekaya hiyo imeuza chupa nyingi.

Siku ya tatu ndiyo yenye kipande kinachostahili mtu asimame akitazame. Nje kidogo ya Montefiascone njia ya udongo hukutana na Via Cassia, barabara ya Warumi yenyewe. Mawe yake ni basalti nyeusi, makubwa, yenye pembe tano, sita au saba, na kila moja limekatwa ili libane jirani yake bila saruji. Nyuso zake zimelainishwa na kwato, magurudumu na miguu ya karne zaidi ya 20, na nyasi zimeota kwenye viungo. Pembeni kuna mashamba ya kawaida, trekta ikilima. Hakuna uzio, hakuna mlinzi, hakuna kioo. Mtu hutembea juu ya urithi wa kale na kuendelea na safari yake.

Viterbo humalizia na kitu cha kufundisha. Papa Clement IV alipofariki hapo mwaka 1268, makardinali walishindwa kuelewana kuhusu mrithi wake kwa karibu miaka mitatu. Wenyeji walichoka kuwalisha. Waliwafungia ndani ya jumba la mapapa, wakawapunguzia chakula na mwishowe wakaezua paa. Septemba 1271 akapatikana Gregory X, ambaye mwaka 1274 aliweka kanuni ya kuwafungia makardinali hadi wachague. Jumba hilo bado limesimama, na wakazi wa mtaa wa jirani wa San Pellegrino bado huanika nguo kwenye madirisha ya karne ya 13.

Msomaji anaweza kusema: nchi yenye bahati hiyo ya mawe haina la kutufundisha. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Mawe yalikuwepo miaka ya 1970, njia haikuwepo. Sehemu kubwa ya njia ya Sigeric ilikuwa imefukiwa na lami ya barabara kuu ya kisasa, ambayo nayo inaitwa Cassia, na kutembea kandokando yake kulikuwa kujitafutia ajali ya lori. Mwaka 1985 mtafiti wa Kiitalia, Giovanni Caselli, aliufuatilia mkondo wa vituo vile kwa miguu na ramani. Mwaka 1994 Baraza la Ulaya liliitambua kuwa njia ya kitamaduni. Mwaka 2001 halmashauri za miji zilianzisha chama chao cha kuisimamia, makao yakiwa Fidenza. Mwaka 2017 Mkoa wa Lazio, ambamo ziwa limo, ulipitisha sheria kamili ya mtandao wa njia za miguu, inayogusa ujenzi, matengenezo, usimamizi na utangazaji wake.

Kwa hiyo njia ya kale ambayo watu huitembea leo ina umri wa vijana wanaotafuta kazi, si wa maaskofu wa karne ya 10. Imetengenezwa na vikao. Mtu alikaa na mwenye shamba wakakubaliana njia ipite ukingoni badala ya katikati. Mtu aliamua kwamba ni afadhali hujaji azunguke kilomita mbili msituni kuliko apite mita 500 kwenye barabara ya malori. Mtu alinunua rangi nyeupe na nyekundu, akapaka mistari kwenye miti na nguzo kila panapogawanyika njia, na kuweka picha ndogo ya hujaji mwenye mzigo mgongoni. Na, jambo linalosahaulika kuliko yote, mtu hurudi kufyeka magugu na kupaka upya.

Faida yake kwa vijiji inatokana na miguu yenyewe. Mwenda kwa miguu hawezi kukimbilia mji mkubwa jioni ikifika. Lazima alale pale alipofikia. Siku tatu za kupita kando ya Bolsena ni vitanda vitatu, vyakula vya jioni vitatu, mikate, matunda, dawa ya malengelenge na fundi wa viatu. Msafiri hubeba kijitabu kinachogongwa muhuri kila kituo, kanisani, kwenye ofisi ya mji au kwenye baa. Kijitabu hicho humfungulia milango ya nyumba za masista na hosteli za parokia zinazompokea kwa bei ndogo au kwa sadaka. Anatumia fedha kidogo kwa siku kuliko mtalii wa hoteli, ni kweli, ila fedha zake huangukia kwa watu wengi zaidi, na mahali ambapo basi la watalii halisimami kabisa. Acquapendente na San Lorenzo hazipo kwenye kadi za picha. Zipo kwenye njia, na hilo linazitosha.

Wapo wanaopinga, nao wana hoja. Ya kwanza ni kwamba njia haikuzuia vijana kuhama. Ni sahihi. Miji midogo ya eneo hilo inaendelea kuzeeka, na hosteli ya mahujaji haiwezi kumlipa mhitimu wa chuo mshahara wa Milano. Lakini duka la mikate lililobaki wazi kwa sababu ya wapita njia linawahudumia pia wazee wa pale, ambao bila hilo wangepanda gari kwenda kununua mkate mji wa pili. Njia haileti mapinduzi. Inachelewesha kufungwa kwa milango, na kwa kijiji cha watu mia chache ucheleweshaji huo ni maisha.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: njia nzuri haisafishi ziwa. Maji ya Bolsena huchukua zaidi ya karne moja kubadilika, kwa sababu ziwa linapokea kidogo na kutoa kidogo kupitia Mto Marta. Uchafu unaoingia leo watakutana nao wajukuu. Mabomba ya majitaka yanayolizunguka yamelalamikiwa kwa miaka mingi. Tena mashamba ya njugu za hazeli, zile zinazotiwa kwenye chokoleti ya kupaka mkate, yamekuwa yakisogea kutoka Ziwa Vico, jirani wa kusini, ambalo tayari limeathiriwa na mwani unaotokana na mbolea. Baadhi ya mameya wa miji ya Ziwa Bolsena wametoa amri za kudhibiti kilimo hicho kando ya ziwa, na ubishi haujakwisha.

Hata hapa njia ina kazi yake. Ziwa linalotembelewa kwa boti na magari pekee huonekana kwa mbali, na kwa mbali kila ziwa ni la buluu. Anayepita kwa miguu huona mfereji unaonuka, huona dawa ikipuliziwa, huona mti wa mzeituni uliong'olewa jana. Wenye hosteli wanajua kwamba mgeni huyo akichukizwa hatarudi, hivyo kijiji hupata kundi la watu wenye sababu ya mfukoni ya kumpigia meya kelele. Kelele hizo si suluhisho, ila hakuna ziwa lililowahi kuokolewa bila hizo.

Tuje nyumbani, mahali ambapo mfano huu una nduguye wa kweli. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO, katika orodha yake ya awali, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Msomaji ataona mara moja kwamba hiyo nayo ni orodha ya vituo, kama ile ya Sigeric, ila hii inaishia ziwani. Na Waswahili hawakutegemea wageni kuiandika safari hiyo. Selemani bin Mwenye Chande alisimulia yake ya bara kwa Kiswahili, nayo ikachapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Njia ina hati, ina majina na ina wajukuu wa waliobeba mizigo.

Hiyo si njia ya kutembea kwa kicheko. Watu walipelekwa pwani wamefungwa minyororo. Lakini Ulaya nako njia za mahujaji zilikuwa pia njia za majeshi, tauni na unyang'anyi, na hakuna aliyesema zifukiwe. Mwanafunzi wa Kigoma atakayetembea kilomita 15 za mwisho kuingia Ujiji akiwa na mwalimu wake ataielewa biashara ile kwa magoti yake, kitu ambacho saa nzima ya kukaa darasani haiwezi kumpa. Tena kijiji atakachopumzika kitauza chai na mihogo.

Upande wa Kenya, Kaunti ya Migori ina Thimlich Ohinga, ngome za mawe yaliyopangwa bila saruji zilizojengwa pengine karne ya 16, katika ukanda wa Ziwa Victoria. Kuta zake zimeshikana kwa ufundi wa kupanga mawe tu, kama yale ya Via Cassia, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia. Mgeni wa sasa hufika kwa gari, huzunguka, huondoka. Ni mgeni wa Civita bila daraja. Njia ya miguu ya siku mbili au tatu kutoka ngome hizo kuelekea ufukweni, ikipita vijijini na kumlaza msafiri kwa wenyeji, ingebadilisha anayefaidika.

Watasema ardhi haipo. Kwa Tanzania, ipo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, mto au bahari. Ukanda huo umekuwa ukitajwa zaidi pale nyumba zinapobomolewa, na wananchi wengi wanaujua kama alama ya X iliyopakwa ukutani kwa rangi nyekundu. Rangi hiyo hiyo ingeweza kupaka alama za njia. Wananchi wanaotumia ukanda huo kutembea, kusindikiza wageni na kuuza vyakula ni walinzi bora kuliko bango la onyo, na njia ya udongo yenye upana wa mita moja na nusu haimdhuru samaki wala ndege.

Watasema pia usalama, viboko, mamba na jua. Ni mambo ya kweli, na ndiyo sababu njia inahitaji mamlaka inayoisimamia badala ya kuachwa kwa kampuni moja ya watalii yenye mashine ya kutengeneza vipeperushi. Mahali pa viboko njia hupandishwa juu mlimani, kama Waitalia walivyoikwepesha na malori. Mahali pa jua kali panapandwa miti. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mkopo wa kimataifa.

Kosa linaloelekea kufanywa ni kuanza na hoteli. Mwekezaji hupewa ufukwe, hujenga ukuta hadi majini, na njia ya wavuvi iliyokuwa ikipita hapo hukatwa. Mgeni hulala ndani ya ukuta na kula ndani ya ukuta, kisha kijiji cha nje huitwa eneo la utalii kwenye taarifa za mwaka. Utaratibu unaofaa ni wa kinyume: njia kwanza, alama pili, vitanda vya bei nafuu tatu, na hoteli zije zenyewe zitakapoona watu wanapita.

Halmashauri yenye ziwa na mawe ya kale haina haja ya kusubiri. Itenge kifungu cha njia ya miguu katika bajeti ijayo, hata kama ni cha kilomita 20 tu. Ikiweke chini ya mhandisi yule yule wa barabara, si chini ya ofisa utamaduni asiye na gari wala mafuta. Ikae na wenye mashamba na kuandikiana nao kabla ya kupaka alama ya kwanza. Kisha kila mwaka mhandisi huyo aje mbele ya madiwani aeleze kilomita ngapi zimefyekwa, alama ngapi zimepakwa upya na wageni wangapi wamelala vijijini, kama anavyoeleza madaraja na makalvati.